Povu Lililokauka Mlangoni

Kila Jumamosi asubuhi baba yangu alikuwa anaosha gari lake nyuma ya nyumba yetu mtaa wa Misunkumilo, kabla jua halijaufikia ukuta wa jikoni. Alikuwa bwana shamba mstaafu. Miaka yake ya kazi, karibu yote, aliimaliza akizunguka vijiji vya Mpimbwe kwa pikipiki ya serikali, mvua na jua, na alipostaafu akanunua gari dogo jeusi, la kwanza kuwa lake mwenyewe. Mama alikuwa ameshafariki. Mimi nafundisha shule ya msingi hapa mjini, na baada ya msiba ule nilihamia kwa baba ili nyumba isimlemee peke yake.

Rangi nyeusi haifai kwetu, kila mtu alimwambia. Kiangazi vumbi jekundu linaingia hadi kwenye chumvi mezani, na kwenye gari jeusi hata alama ya kidole inaonekana. Baba hakujali. Alikuwa na utaratibu wake. Gari likitoka safari haliguswi mpaka boneti ipoe. Kwanza anamwaga maji tupu, mengi, kuanzia kwenye paa, vumbi litelemke lenyewe. Kisha ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya maji safi ya kusuuzia kitambaa kila anapomaliza sehemu moja. Sabuni ya unga, hii ya kufulia, hakuikaribia. Alikuwa na chupa ya sabuni ya gari aliyoiagiza kutoka Dar, na ikiisha anasubiri nyingine. Matairi yalikuwa na kitambaa chao, na kitambaa hicho hakikugusa kitu kingine.

Hakupenda kusaidiwa. Mimi nilikuwa namletea chai, nakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma nikisahihisha madaftari ya watoto, tunaongea kidogo, tunanyamaza. Zilikuwa asubuhi nzuri. Nadhani zilimsaidia kumaliza wiki bila mama.

Jumamosi moja, mwanzoni mwa kiangazi, alipomaliza kuosha nilipita upande wa kushoto wa gari kwenda kuanika nguo. Kwenye mlango wa nyuma kulikuwa na povu lililokauka, jeupe, kutoka kwenye kitasa hadi chini. Nilisimama na beseni langu. Baba hakuwahi kuacha sabuni ikaukie kwenye rangi. Alikuwa anasema sabuni ikikauka inaacha baka, na baka ukilisugua unatafuta mengine. Nilichovya kitambaa kwenye maji, nikalilainisha lile povu taratibu mpaka likaondoka, nikaenda kuanika nguo.

Wiki iliyofuata upande uleule ulibaki na mstari wa vumbi chini ya kioo. Wiki nyingine ndege walikuwa wamechafua mlango, na badala ya kuweka kitambaa chenye maji juu ya ule uchafu na kuusubiri ulainike, kitambaa kilipita juu yake ukiwa mkavu vilevile na kuburuta chembe zake. Ikabaki mikwaruzo mitatu myembamba. Niliitazama ile mikwaruzo kwa muda mrefu. Baba alikuwa upande wa pili anakausha boneti, anapuliza mluzi. Upande ule kila kitu kilikuwa sawa.

Nilimuuliza mezani kama macho yanamsumbua.

"Uzee tu, mama," akasema. Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Nitabadilisha miwani."

Hakubadilisha. Aliendelea kuendesha, kanisani, sokoni, kutembelea rafiki zake. Nikawa namfuata kila anapokwenda, kwa visingizio ambavyo sasa nikivikumbuka naona wazi kwamba hakuviamini.

Siku tuliyotoka Majengo kununua sukari, nilikuwa nimekaa kushoto kwake kama kawaida. Mbele yetu, kando ya barabara, mama mmoja alikuwa anasukuma baiskeli yenye gunia la mahindi. Nilimwona tangu mbali. Alikuwa anayumba kwa uzito wa mzigo, anasogea barabarani, anarudi. Nilisubiri baba apunguze mwendo, akawa anakwenda vilevile. Nikasema, "Baba." Hakunielewa. Nikashika usukani, nikauvuta kulia, naye akakanyaga breki. Tulisimama huku kioo cha pembeni kikikaribia kuligusa lile gunia.

Yule mama alitutazama. Hakutukana. Aliiegemeza baiskeli kwenye kiuno chake, akavuta pumzi, akaendelea na safari.

"Ametokea wapi?" baba akaniuliza.

Nikasema, "Alikuwepo, baba."

Alizima gari. Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Tulikaa pale mpaka nikamwomba tushuke tutembee. Tulimwomba fundi wa gereji iliyokuwa jirani aturudishie gari nyumbani.

Hospitalini daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima baba kwa muda mrefu, akamwambia ni presha ya macho, kwamba inaanza kula uwezo wa kuona pembeni, polepole, mtu hajui, mpaka inafika katikati. Kilichopotea hakirudi. Dawa ya matone itajaribu kukilinda kilichobaki, zaidi jicho la kulia. Kuhusu kuendesha alisema tu, "Hapana, mzee."

Baba alimshukuru. Nyumbani aliweka ufunguo wa gari juu ya kabati la vyombo na hakuutaja tena.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizito. Jumamosi zilikuja, akawa anabaki chumbani na redio. Gari lilikaa nyuma ya nyumba likishika vumbi mpaka likawa na rangi ya matofali ya kuchoma. Kaka yangu alipiga simu kutoka Mwanza akisema tuliuze kabla halijaharibika. Nilimwambia amwambie baba mwenyewe. Hakumwambia.

Nami sikuliosha. Niliona nikichukua ndoo zake ni kama nimegawa nguo zake yeye akiwa hai.

Asubuhi moja nilisikia mlango wa nyuma unafunguliwa. Nilipochungulia, baba alikuwa amesimama karibu na gari, mkono umenyooshwa mbele, anatafuta mahali lilipo. Alipolipata aliweka vidole juu ya boneti, hakuvisogeza. Watoto wa jirani walikuwa wameandika majina yao kwenye lile vumbi kwa vidole. Sijui kama aliyaona. Lakini alijua kwa ugumu wa lile vumbi kwamba limekaa muda mrefu.

"Mama," akaita. "Leta maji."

Nilileta ndoo zote mbili. Nikauliza nianzie wapi, ingawa nilikuwa nimemtazama miaka yote hiyo.

"Mwaga tu. Usiguse kitu. Mwaga mpaka nisisikie mchanga unaanguka."

Nilimwaga. Maji yalitelemka mekundu, yakatengeneza mfereji kuelekea kwenye migomba. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Niliposimama akasema, "Bado." Nikarudi kwenye pipa la maji. Mwishowe akatikisa kichwa kukubali, nikachovya kitambaa kwenye povu, nikaanza kuzungusha kwenye paa kama ninavyofuta meza.

"Unazungusha," akasema.

"Umejuaje?"

"Nasikia. Nyoosha. Mbele kwenda nyuma, kama unavyopiga pasi. Chembe moja ikiwa imebaki, itachora mstari mmoja. Ukizungusha itachora duara, na duara linaonekana kila jua linapopiga."

Nikanyoosha. Alisogea karibu, akaweka mkono wake juu ya wangu, tukaenda pamoja. Hakubonyeza. Nilishangaa ulivyokuwa mwepesi mkono wake. Mimi nilikuwa nasugua kwa nguvu kama nasugua sufuria, kumbe kazi yote inafanywa na maji na sabuni, mkono unaongoza tu. Tulimaliza paa, vioo, boneti. Kila sehemu tukaisuuza kabla ya kuhamia nyingine. Kitambaa kilipotuponyoka kikaanguka chini, niliinama nikikung'ute.

"Acha hicho," akasema. "Kimeshakula mchanga. Chukua kingine ndani, ile fulana yangu ya zamani, ya pamba. Angalia isiwe na kifungo."

Tulifika upande wa kushoto. Nilitaka kuupitia haraka, lakini vidole vyake vilinitangulia. Vilitembea kwenye mlango wa nyuma, vikasimama, vikarudi.

"Hiki nini?"

"Mikwaruzo, baba."

"Nani kakwaruza?"

Nilikamua ile fulana ingawa haikuwa na maji mengi. Jirani yetu alikuwa anatwanga karanga upande wa pili wa ukuta.

"Ni mimi," baba akasema mwenyewe, taratibu. "Sivyo?"

"Ndiyo."

"Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu povu lilipokaukia hapo."

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa tena, jambo ambalo halikuwa na faida yoyote.

"Mimi nilijua kabla yako," akasema. "Nilikuwa naosha kwa mazoea. Mikono inajua gari linaishia wapi. Nikasema, madhali naliosha mwenyewe, basi bado. Nikiacha tu, nyie mtajua, na mimi nitajua." Akaugeukia mlango ule. "Yule mama wa baiskeli namuota. Namuota ana sura ya mama yako."

Nilipiga magoti kwenye tope nikaweka kichwa changu kwenye goti lake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nilipokuwa mdogo. Akanigusa nywele kwa mkono wenye povu. Baadaye akasema tumalizie, jua linakuja na maji yetu yana chumvi, yakikaukia kwenye rangi yataacha madoa. Tukakausha pamoja, yeye akibandika taulo juu ya rangi na kulinyanyua, mimi nikifuata nyuma yake.

Baada ya hapo nilijifunza udereva, jioni baada ya shule. Nilipopata leseni baba aliomba tumtembelee dada yake kijijini Mamba, kule Mpimbwe. Tulitoka alfajiri. Kwenye hifadhi ya wanyama iliyo njiani tulifunga vioo kwa sababu ya mbung'o, wale nzi wanaouma, naye akawa ananiuliza tumefika wapi, nami nikawa namtajia: daraja, nyati pembeni, lori limeharibika. Alikaa kushoto, mkono juu ya mkoba wake, hakunifundisha chochote.

Shangazi alitupokea mlangoni kwa furaha kubwa. Ni mkubwa kwa baba, ana sauti ya juu, na mpunga ulikuwa umemkubali mwaka ule. Alinyoosha mkono amsalimie. Baba aliutafuta ule mkono mahali ambapo haukuwepo. Nilitaka kumsogezea, nikajizuia.

"Dada," akasema, "sioni. Upande mmoja sioni kabisa, na mwingine unaondoka. Nimekuja nikwambie mwenyewe."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akilisema neno hilo. Hata hospitalini hakulitamka.

Shangazi hakulia mbele yake. Aliushika mkono wake, akamwongoza polepole hadi kwenye kiti, akamwambia kwa Kipimbwe kitu ambacho mimi, niliyekulia mjini, sikukielewa chote. Baba aliitikia kwa lugha hiyohiyo. Waliongea muda mrefu, vichwa vyao vimekaribiana, nami nikaenda jikoni kusaidia kupika. Nilipoleta maji ya kunawa nilimkuta shangazi anacheka huku anafuta machozi kwa khanga, na baba anamsimulia jambo la utotoni mwao, mikono yake inapimia hewani urefu wa kitu ambacho wao wawili tu walikifahamu.