Sufuria Isiyo na Masizi

Juzi, huku Moshono, niliona mafundi wakifunga mtambo mweusi wa kupashia maji kwa jua juu ya paa la jirani, nikaikumbuka sufuria ya mama.

Mwalimu wa sayansi alikuwa ametuagiza twende na sufuria zenye masizi. Mama alikataa katakata.

"Uende shule na masizi, watu waseme nyumba hii haina mama?"

Akaisugua kwa majivu na mchanga mpaka nikaona meno yangu ndani yake.

Mchana tulizitia maji, tukazipanga juani na kuzifunika kwa vioo. Masizi yalipopata joto yalinuka kama jikoni kwetu. Nilikuwa na hakika yetu ingetangulia kuchemka, maana iling'aa kama jua lenyewe. Mwalimu alichovya kidole. Kwenye sufuria za wenzangu alikitoa haraka. Kwenye yangu alikiacha kikae.

"Hii imelirudisha jua lote lilikotoka," alisema.

Nilidhani nimesifiwa. Sikujua bado kwamba weusi ndio unaoshika joto.

"Mwalimu kasemaje?" mama aliuliza jioni.

"Kasema yetu inarudisha jua."

Mama hakupikia tena sufuria ile. Aliitundika sebuleni, mahali ambapo kila mgeni angeiona.