Glodie na wanunuzi waliokimbia bei nafuu

Huyu mtoto wa marehemu dada yangu, Glodie, alizaliwa na swali mdomoni. Juu ya nini samaki inapanda bei siku ya mvua? Juu ya nini wauza sabuni wote wanakaa ubavu kwa ubavu? Ananichosha! Nikimwambia anyamaze, ananyamaza kidogo tu, halafu anauliza juu ya nini anyamaze.

Bon, shule yake hapa mtaani kwetu Kabondo ikamchagua pamoja na mwenzake Timothée kwenda kwenye mashindano ya ekonomia na biashara ya shule za sekondari za Kisangani. Kila timu iuze kitu mwezi mzima, kisha ieleze mbele ya majaji ilichojifunza. Washindi wangelipiwa chuo kikuu. Mimi ni mshonaji tu, sina uwezo huo. Bila ushindi, Glodie angeishia kwenye mashini yangu, na kushona anakuchukia kama dawa ya minyoo.

Wakachagua mikate, ile midogo ya duara ya kukaanga. Mafuta yangu, jiko langu, moshi machoni mwangu! Wakaweka meza mbele ya nyumba, bei chini kuliko ya Mama Aïcha wa pale kona. Kitabu kinasema bei ikishuka, wanunuzi wanaongezeka. Siku za kwanza watu wakaonja. Kisha wakapotea. Glodie akashusha bei tena, hata nzi wakatususa.

"Tuseme tu tuliuza muzuri," Timothée akashauri. "Bale majaji habaishi Kabondo."

"Mimi sitaki kusema, nataka kujua," Glodie akamjibu.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu kwa nini hawanunui kwake. Haki ya Mungu, niliona haya! Jirani yetu Papa Mohamadi ndiye aliyemjibu waziwazi: "Mutoto wangu, wakati nilikuwa mugonjwa, Mama Aïcha alikuwa ananiletea mikate kila asubui. Leo nipite mbele yake na ya kwako mukononi? Nitamuangalia na macho gani?"

Siku ya mashindano nilikaa nyuma ya ukumbi, roho juu juu. Glodie akaeleza yote bila kuficha: bei ilishuka, wanunuzi wakakimbia, kwa sababu kwetu mtu hanunui mkate tu, ananunua kwa mtu wake. Jaji mmoja, papa mwenye miwani, akacheka. "Ao labda mikate yenu ilikuwa mubaya tu?"

Nilitaka kusimama nimwambie kitu. Unga niliuchagua mimi!

"Hata mimi nilijiuliza ile, papa," Glodie akasema. "Donc, Jumapili ya mwisho nilimuomba Mama Aïcha aweke mikate yangu juu ya meza yake, kwa bei yake. Hatukuambia mutu. Ilikwisha mbele ya misa kuanza."

"Nani anaweza kushuhudia?"

Akanitafuta kwa macho. "Tantine wangu iko pale nyuma. Naye alinunua. Mama Aïcha aliniambia."

Mama yangu! Vichwa vyote vikageuka. Miaka yote chai yangu nainywa na mikate ya Mama Aïcha, na mwezi ule sikuacha. Nilikuwa napitia nyuma ya nyumba nikiificha ndani ya kitenge. Ningekana, ningeokoa uso wangu. Lakini chuo cha mtoto kilikuwa kinangoja mdomo wangu ufunguke.

Nikasimama. "Ni kweli, nilinunua ile Jumapili. Tena nikamuambia Mama Aïcha: hii ya leo njo mikate ya kweli, haiko sawa ile ya mutoto wangu kule nyumbani."

Ukumbi mzima ukalipuka. Papa wa miwani alicheka hadi akaivua, akafuta macho, akaandika. Walipotangaza matokeo, shule ya kwanza ilikuwa yetu. Glodie ataingia chuo kikuu. Mimi Kabondo nzima wananicheka nikipita, nami nina furaha hadi nalia.