Kiharusi Hakikunitoa Kwenye Meza ya Kukatia

Nianze kwa kusema mimi ni nani, maana wengi hapa Kariakoo mnajifanya mmesahau. Mimi ni fundi suti mwenye stashahada. Nilitoka Newala na begi moja, nikafika Durban, nikafagia kiwanda cha nguo mchana na kusoma ukataji jioni. Nikarudi Bongo na cheti na mkasi wangu. Hakuna aliyenishika mkono. Mabwana harusi walinifuata kutoka Tegeta na Mbagala, wakiwapita mafundi kibao njiani.

Siku hiyo nilikuwa nakata koti. Mkasi ukanidondoka. Nikauokota, ukadondoka tena. Mdomo ukapinda, mate yakanichuruzika, nikajikojolea mbele ya wateja.

Mdogo wangu Rajabu, niliyemfundisha kazi mwenyewe, akasema, "Hii si ya hospitali. Kaka kapigwa upepo mbaya." Akaleta mkandaji. Nikakandwa mafuta siku mbili sebuleni, ulimi mzito, siwezi hata kukataa. Mke wangu Zuhura ndiye aliyegombana na ukoo mzima, akanipakia kwenye bajaji.

Daktari alinipima presha, akatikisa kichwa. "Mama, hiki ni kiharusi. Mngemleta saa ile ile."

"Waambie hao," Zuhura akajibu, akiwaonyesha ndugu zangu mlangoni.

Wodini watu walikuja kunijulia hali. Ndivyo walivyoita wao. Mteja anaweka machungwa, anasema, "Pole sana fundi, Mungu akufanyie wepesi," kisha anamwinamia Zuhura: "Shemeji, kile kitambaa changu cha bluu kiko wapi?" Vitambaa vyote vikahamia kwa Rajabu. Naye akaja kuulizia mkasi.

"Kaka, utaufanyia nini sasa? Niuzie."

"Hauuzwi," nikasema. Ndilo neno la kwanza lililonitoka likiwa zima.

Nilijifunza upya kama mtoto. Dada wa mazoezi ya viungo alinipa vibanio vya nguo, nibane na kubandua mpaka vidole vitetemeke. Zuhura akaninunulia mashuka ya mitumba Ilala, nikawa nayakata. Yalitoka yametafunwa kama na panya. Nililia, sitawaficha.

Nikarudi kwenye fremu yangu ya kushonea naburuta mguu. Mfanyabiashara wa vitambaa wa jirani, Bwana Seif, akanipa kazi ya kwanza: koti la kuvaa kwenye harusi ya binti yake. Nikakata kwa fahari, watu wakitazama. Nilipopanga vipande, nikaliona kosa. Mikono yote miwili ya koti ilikuwa ya kushoto. Hata mwanafunzi hukunja kitambaa ili mikono itoke ikitazamana. Mimi nilisahau, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umenifutia upande wa kulia kichwani.

Rajabu akapiga kelele kibarazani, "Jamani njooni! Diploma imekata mikono miwili ya kushoto!"

Walicheka wote. Bwana Seif hakucheka. Alishika vile vipande, akavigeuza, akavirudisha mezani.

"Fundi, vitambaa kwangu vipo majora kwa majora. Kata tena."

Nikafunga utepe mwekundu ukingo wa kulia wa meza, niwe nauona kabla ya kila kipande. Nikakata polepole, jasho likinitiririka. Bwana Seif alilivaa koti lile ukumbini Mnazi Mmoja, mabega yamekaa sawasawa, na wageni wakauliza fundi ni nani.

Leo nakata suti. Vidole viwili bado vina ganzi, na dawa ya presha nameza kila asubuhi, niwe naumwa au siumwi. Namshukuru Mungu, Zuhura, yule dada wa mazoezi na Bwana Seif. Orodha yangu ya shukrani imeishia hapo, na sitaiongeza kwa kuona haya.

Wewe unayenisoma, ukiona mdomo wa mtu umepinda na maneno hayatoki, usiite mtu wa kumkanda. Mkimbize hospitali. Na wewe uliyelala kitandani huku wenzako wakigawana kazi yako, amka uanze na kile kidole kinachokubali kusogea. Ukirudi kazini watakucheka. Kata tena. Siku watakaporudi kutaka huduma yako, wapokee vizuri, kisha waambie wapange foleni kama wateja wengine.