Chumba cha Hogo na Nyonga ya Sabina

Siku yangu ya kwanza kwenye chumba cha hogo, tunakofunga mifupa kwa plasta, hospitalini Songea, Mkuu wa Chumba alinikabidhi ndoo ya maji ya uvuguvugu na bandeji za plasta.

"Binti, hogo la nyonga ukilikaza, damu haipiti. Ukililegeza, mfupa unachomoka. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Shika mguu huo."

Ninyi mnaoanza kazi sasa, sikilizeni. Nyonga ya mtoto mchanga bado haijawa mfupa mtupu. Kikombe chake, kile kinachopokea kichwa cha paja, sehemu kubwa ni gegedu, kitu cha kukunjika kama sikio. Nilipohamishiwa kliniki ya watoto, bosi wangu wa pili, Daktari wa Mifupa, alizoea kutuambia: "Chembe za gegedu zinahisi. Kichwa cha paja kikikaa ndani, kinazibonyeza, na vinasaba vyake vinaamka: jengeni hapa, kazeni pale. Kikikaa nje, kikombe kinabaki bapa kama sahani." Ndiyo maana mtoto anafungwa mikanda ya kutanua miguu mapema. Gegedu likishakuwa mfupa, ni kisu cha upasuaji tu.

Kisha nikamzaa Sabina, na nyonga yake ya kushoto ikateleza chini ya vidole vya Daktari huyohuyo. Akamfunga mikanda.

Mama mkwe akaja kutoka Lusewa kunilelea mtoto ili nirudi kazini. Mwenyewe anachechemea tangu utoto. Alipomwona mjukuu, akawaka: "Mtoto wa kike miguu wazi kama chura! Na kwetu hakuna nyonga hizo, umekuja nazo wewe."

Nikaendelea kumfunga mikanda. Ila siku moja nilirudi nikakuta mikanda imeanikwa kwenye kamba ya nguo, na miguu ya mwanangu imenyooshwa, imefungwa pamoja kwa kanga. Nilifoka mpaka majirani wakatoka.

"Mama Sabina, unanifokea mimi?"

"Nakufokea wewe, mama. Unataka achechemee kama nani?"

Akaingia ndani. Nami sikuomba radhi.

Asubuhi nikaenda kuaga kazini, nikianzia chumba cha hogo, ambako bado niliitwa kusaidia. Mkuu wa Chumba akacheka: "Unastaafu na ujana wote huo? Nani atanishikia miguu?"

"Naenda kuushika wa mwanangu."

Kliniki iliyofuata nilikwenda na mama mkwe. Akamuuliza Daktari bila kuzunguka: "Imetoka kwangu au kwake?"

"Mama, vinasaba vinachangia, na huenda ni vya pande zote mbili. Lakini hata tungejua, mikanda ni hiyohiyo."

Tangu hapo mama mkwe hakuigusa tena mikanda, na mgeni aliyecheka miguu ya mtoto alimtoa nje yeye mwenyewe.

Picha ya mwisho ya eksirei ilionyesha kichwa cha paja kimeingia ndani ya kikombe vizuri. Kazi siijutii, wala kuiacha. Hasira ninayo bado, ya wanaomlaumu mzazi kwa nyonga ya mtoto; mkiwakuta, wafokeeni.

Juzi Sabina alikuwa anafukuza kuku uani, miguu yote miwili sawa. Mama mkwe akamtazama.

"Na mimi wangenifunga mikanda," akasema, "ningekimbia hivyo."

"Ndiyo, mama. Ungekimbia."