Koti Lililolipiwa Hadi Kifungo cha Mwisho

Mwezi wa kwanza baada ya kufukuzwa kazi, Mama Pasi alikwenda kulipa deni amevaa gauni alilolipiga pasi mara mbili. Hakutaka mtu aseme amechakaa. Akapita mlango wa mbele, ule wa wateja, ambao kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi kuupita, maana wafanyakazi wa duka lile la dobi waliingilia uani, kwenye mabeseni. Wateja wanne walikuwa kwenye foleni na mafurushi yao. Akasimama nyuma yao, akangoja zamu yake kama mtu aliyeleta nguo chafu.

"Mama, wewe pita tu ndani," bosi akamwambia, sauti ya chini.

"Hapa hapa pananitosha, Mzee."

Bosi huyo wafanyakazi walimwita Mzee Kola, lakini mgongoni kwake, kwa sababu kola ya shati lake ilikuwa ngumu kama kadibodi, na shingo haikugeuka mpaka mabega yageuke nayo. Wanga wa kola hiyo alikuwa akiupika Mama Pasi. Siku hiyo kola imelala upande mmoja kama sikio la mbuzi, na Mama Pasi aliiona kola kabla hajauona uso. Roho yake ikaburudika kidogo.

Mzee Kola akahesabu hela, akaandika risiti, akasukuma kidau cha wino. "Weka dole."

"Nisomee kwanza."

"Ni risiti tu, Mama."

"Mimi kusoma kwangu kunaishia kwenye jina langu. Na mkataba ulisemaje?"

Mkataba ulisema, na aliyeusemesha ni Mzee Kola mwenyewe. Zamani mfuaji mmoja alimkana, akasema dole ni langu ila maneno si yangu. Tangu hapo bosi akaweka kwenye kila mkataba kwamba mkopaji asiyejua kusoma atasomewa kila karatasi kwa sauti, mbele ya shahidi, ndipo aweke dole. Alijiona mjanja sana siku alipoliandika hilo.

Basi akasoma, macho chini. "Nimepokea malipo ya kwanza kati ya kumi na manane, ya mkopo wa mabati, pamoja na gharama kamili ya koti moja jeusi la harusi, lililounguzwa na mkopaji..."

"Sauti, Mzee. Shahidi hajasikia."

"Mie nasikia nusu nusu," akasema mwanamume mmoja mwenye furushi la mashuka, ambaye alishaanza kunogewa.

Mzee Kola akarudia, safari hii hadi wafuaji uani wakasikia. Alipofika kwenye koti, Mama Pasi akadakia, "Hapo ongeza, aliyeliunguza bado yumo humu ndani anakula mshahara!" Foleni ikacheka. Mama Pasi akabonyeza dole lake, akaufuta wino kwenye kitambaa cheupe alichokuja nacho, akatoka bila haraka.

Habari ya koti ilikuwa hivi. Mzee Kola alikuwa na mwana, jibaba zima lenye ndevu na gari, ambalo baba yake alilipachika cheo likaitwa Meneja. Asubuhi moja Mama Pasi alitoka kwenda kuchuja wanga, akaliacha koti la bwana harusi juu ya meza, bado halijaguswa. Meneja akajitia kusaidia, pasi ya umeme mkono mmoja, simu mkono mwingine. Aliporudi Mama Pasi akakuta moshi, na mgongoni mwa koti alama ya pasi iliyokamilika, kahawia, ncha yake kali kama jani. Bwana harusi akalipwa koti jipya siku ile ile. Mzee Kola akamtazama mwanawe, akamtazama mwanamke mzee, akachagua.

"Lete koti tuiweke pasi yangu juu ya hiyo alama," Mama Pasi alisema siku ile, mbele ya wenzake wote. Pasi yake aliijua kila mtu. Ilikuwa ya mkaa, ya chuma kizito, mali yake mwenyewe, na miaka mingi nyuma ilianguka kwenye sakafu ya saruji ikameguka ncha. Haikuwa na pua. Haikuweza kuacha alama ya ncha kali hata ingelala juu ya nguo wiki nzima.

"Koti halitoki stoo," Mzee Kola akajibu. Na hapo ndipo Mama Pasi alipojua kwamba bosi naye anajua.

Wakampa pasi yake mkononi na karatasi mpya. Deni la mabati, ambalo lilikuwa likatwe kwenye mshahara, sasa lilipwe taslimu, na bei ya koti juu yake. Asiyelipa atang'olewa mabati. Aliweka dole, kwa sababu chini ya mabati hayo analala yeye na binti yake.

Lakini deni halikumuuma kama jina. Binti yake alikuwa fundi cherehani, na kwenye chumba chake cha kushonea cha barabarani, hatua hamsini kutoka kwa dobi, Mama Pasi aliweka meza yake ya kupigia pasi. Akakaa. Watu wakapita. Mwanamke mmoja alileta gauni la hariri, akamtazama vizuri, kisha akalivuta tena kwa upole kama anayemnyang'anya mtoto kisu. "Nitarudi, bibi," akasema. Hakurudi. Nani ampe nguo yake mtu anayeunguza?

Basi akadeki sakafu za watu, akabeba maji, akauza kabati lake. Kila mwisho wa mwezi akapita mlango wa mbele. Wateja wengine walianza kuleta nguo zao siku hiyo hiyo makusudi, na ukisikia "Sauti, Mzee!" ujue si Mama Pasi peke yake anayesema. Mzee Kola alinyong'onyea. Kola nayo ilizidi kulala.

Ilikuwa mwezi wa tano ndipo maneno yale, aliyokuwa akiyasikia ili ayajibu tu, yalipomwingia. Gharama kamili ya koti moja jeusi. Akasimama na dole lake hewani.

"Rudia hapo, Mzee."

"Gharama kamili ya koti moja jeusi la harusi."

"Kamili?"

"Kamili, Mama. Hadi vifungo."

"Haya," akasema, na siku hiyo hakumtania mtu. Alikwenda nyumbani amebana cheko mdomoni.

Mwezi wa sita Mzee Kola alimngoja nje, kwenye ngazi. "Mama, tusichoshane. Nimekusamehe lililobaki. Mabati ni yako. Usije tena."

Binti yake alipopata habari aliruka. "Mama, mshike maneno yake! Mwaka mzima tumeokoka!"

"Nimemkatalia."

"Umemkatalia? Tunakunywa chai kavu, Mama!"

"Tutaizoea. Akinisamehe, nitakuwa nimeliunguza kweli. Na koti litabaki stoo kwake."

"Koti la nini tena, jamani?"

"Wewe shona, mwanangu."

Miezi kumi na miwili mingine ikapita hivyo, na haikupita kirahisi. Siku ya malipo ya kumi na nane foleni ilifika mlangoni. Mzee Kola akasoma yote bila kuambiwa sauti, kwa furaha ya mtu anayetua mzigo. Mama Pasi akaweka dole. Kisha akauliza, "Nimemaliza?"

"Umemaliza. Kwaheri ya kuonana."

"Na koti nimelilipa?"

"Umelilipa."

"Basi nipe koti langu."

Mzee Kola akairudia risiti aliyoiandika mwenyewe, akitafuta pa kutokea. Yule mwanamume wa mashuka, ambaye miezi yote hakukosa, akasema polepole, "Kalilipa kweli. Tumesikia wote. Hadi vifungo."

"Meneja," Mama Pasi akaita kuelekea ndani, sauti tamu ajabu, "hebu nitolee koti langu stoo, baba. Unajua lilipo."

Likatoka limekunjwa, vumbi mabegani. Meneja alilitupa juu ya kaunta kama linamchoma bado. Mama Pasi akalikung'uta, akaliweka begani, akashukuru kila mtu kwa adabu zote.

Nyumbani akatia makaa kwenye pasi, akapuliza hadi yakawa mekundu, akailaza pasi yake juu ya mgongo wa koti, kando ya ile alama ya zamani. Akahesabu hadi thelathini. Asubuhi koti lilining'inia mlangoni kwa fundi cherehani, mgongo barabarani. Alama mbili. Moja ina ncha kali, moja haina pua. Chini yake, juu ya meza, pasi yenyewe. Hakuandika neno. Watu waliokwenda kwa dobi walisimama, wakatazama koti, wakatazama pasi, wakageuka kutazama kule wanakokwenda. Kabla ya saa sita alikuwa na mashati kumi na moja.

Alasiri Mzee Kola akaja mwenyewe, kwa miguu. "Mama, niuzie. Nakurudishia hela yote na juu yake."

"Binti yangu ameandika karatasi. Isome kwanza, mashahidi hawa hapa."

Aliishika kwa vidole viwili. "Koti hili," akasoma, "liliunguzwa na mwanangu, nami nilijua."

"Sauti, Mzee!" wakaitikia wateja wote kwa pamoja.

Akasoma tena, akasikika. Kisha akatoa pochi, jasho limemlainishia kola yote. "Haya, bei gani?"

"Nilisema usome," Mama Pasi akajibu, akitia makaa. "Sikusema nauza."

Koti liko pale mpaka leo. Kila Jumatatu hulishusha, hulipiga pasi vizuri, mikono, mifuko, kola, akizizunguka zile alama mbili kwa uangalifu zisifubae, kisha hulirudisha mlangoni.