Fundi Misumari Ajifunza Kukaa

Walimwita Misumari kwa sababu alipokuwa akivalisha makochi kitambaa, misumari midogo ilijaa mdomoni mwake, akiitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Ukimsalimu akiwa kazini, alikujibu kwa nyusi.

Maumivu ya nyonga alisema ni ya kuinama. Alijipaka dawa ya kuchua karibu mwaka mzima, mpaka siku mkewe alipomkanda akagusa uvimbe juu ya paja, mgumu kama goti. Hospitalini walimpiga picha, wakakata kinyama wakakipima. Ilikuwa kansa ya mfupa.

Daktari wa upasuaji, mama wa makamo asiyezunguka maneno, aliwakalisha wote wawili.

"Mguu utaondoka wote," alisema, "pamoja na nusu ya nyonga upande huo. Tukiacha kipande, itarudi."

"Nikikataa?"

"Tutakutuliza maumivu. Lakini sidhani kama utamaliza mwaka."

Misumari alirudi nyumbani, akanuna siku nne. Siku ya tano akamwambia mkewe kwamba afadhali azikwe na miguu yote miwili kuliko kubaki nusu mtu. Mkewe alikuwa anakunja nguo, na hakuinua kichwa.

"Mimi sikuolewa na mguu, baba. Kama unaogopa, sema unaogopa. Hata mimi naogopa."

"Naogopa," alisema, na machozi yakamtoka.

Upasuaji ulichukua masaa tisa. Alipozinduka aliomba akunwe unyayo, na unyayo wenyewe haukuwepo tena. Kidonda kilichelewa kufunga. Lakini kilichomtesa zaidi kilikuwa kukaa. Upande mmoja hakuwa na mfupa wa kukalia, kwa hiyo kila alipoketi aliinamia upande kama gunia lililotoboka. Yeye aliyewakalisha watu vizuri miaka ishirini, kiti kikamshinda.

Akaagiza sponji, ngumu na laini, akaanza kujishonea mto. Alikata, akajaribu, akatupa. Wa sita ndio uliomshika: umeinuka upande uliokosa mfupa, una kishimo mahali pa kovu. Siku hiyo alikula mezani na wanawe.

"Baba amerefuka," alisema binti yake mdogo.

Kliniki, daktari aliugeuzageuza ule mto. "Nani amekutengenezea?"

"Aliyekosa pa kukaa."

Daktari alimwagiza mingine miwili, ya wagonjwa wengine.

Sasa ni mwaka wa nne. Kila miezi sita mapafu yake hupigwa picha, kuona kama kansa imehamia huko. Mpaka sasa ni safi. Juzi alitembelewa na mwalimu mmoja, msichana aliyeambiwa kwamba naye atakatwa mguu. Alitaka kujua kama inauma.

"Inauma. Na mguu wenyewe usiokuwepo unauma. Huwa naugombeza."

Mwalimu alicheka, kisha akalia. Alipotulia, alimuuliza Misumari ujasiri aliupata wapi.

"Sikuupata," Misumari alisema. "Nilisaini kukubali upasuaji nikitetemeka, karatasi ya kwanza nikaichana kwa kalamu. Ikabidi waniletee nyingine."