Marehemu Anapara Samaki

Mimi sina kifua cha kuweka mambo, na mdomo wangu hauna breki, kwa hiyo nitasema. Mdogo wangu wa tumbo moja aliniua nikiwa hai, na aliniua kwa ajili ya samaki.

Tulizaliwa wawili tu. Mama alipofariki yeye alikuwa hajamaliza hata kuota meno, nikambeba mgongoni huku nakaanga maandazi ya kuuza. Maandazi hayo hayo ndiyo yaliyomsomesha udereva. Alipopata kazi ya kuzungusha wageni kisiwani, mtaa mzima ukaanza kumwita Usukani, nami nikawa natembea kifua mbele utadhani gari ni langu.

Kisiwa chetu kina barabara moja kubwa inayokizunguka. Usukani alikuwa akiwachukua wageni asubuhi gatini, anawapandisha kilimani waone bahari pande zote, anawapitisha kwenye maporomoko ya maji, na njaa inapoanza kuwauma wako kwenye kona yangu. Kwangu si hoteli. Ni uani, turubai, meza mbili na mabenchi. Tulikuwa na utaratibu wetu: akifika juu ya mteremko anapiga honi, kila mgeni na honi yake. Nikisikia sita, samaki sita wanaingia motoni. Siku za basi dogo majirani walikuwa wakitutukana mpaka basi.

Samaki wangu namchoma kwanza, halafu namlaza kwenye tui zito lenye ndimu na pilipili mbichi. Ni jambo dogo tu, lakini wageni walikuwa wakilamba vidole, na waliorudi mwaka uliofuata walikuwa wakiuliza kabla hawajashuka, "Yule mama yupo?"

Mwaka jana Usukani akaoa. Wifi yangu mpole huyo, sauti ya chini, hana makuu. Akanijia, "Wifi, nifundishe na mimi, nisikae bure." Jamani, nilivyofurahi! Nikampa mbuzi ya kukunia nazi, nikampisha jikoni kwangu, kila nilichojua nikamwonyesha, mpaka namna ya kujua makaa yamekubali. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakuniambia kwamba kinaweza kukuita wifi.

Haukupita muda, wifi akaacha kuja na honi zikakoma. "Wageni wamepungua, dada," Usukani akaniambia, uso umemshuka. Nikamwonea huruma, tena nikamfungia na ugali apeleke nyumbani. Kumbe bwana mkubwa amegeuza mzunguko! Siku hizi anaanza upande wa pili, saa ya kula inawakuta kwenye mnara wa taa, na mbele ya nyumba yangu anapita jioni, vioo vimepandishwa, wageni wamelala na matumbo yao yamejaa. Mimi ningejuaje?

Asubuhi moja nilikuwa uani napara samaki wa kula mwenyewe, akaingia mama mmoja na mfuko wa sukari na unga. Nilimkumbuka. Mkunga mstaafu kutoka bara, mwaka juzi alikula kwangu akaomba na ukoko. Aliponiona mfuko ukamponyoka, sukari yote chini.

"We! Si umekufa wewe?"

"Nani kafa?"

"Wewe! Tumeambiwa jana. Nimekuja kuhani!"

Nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. "Basi marehemu anapara samaki. Karibu ukae."

Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba jana Usukani aliwachukua, yeye na wanawe, na ndani ya gari mkunga akauliza habari zangu. Usukani akasimamisha gari, akalaza kichwa kwenye usukani, akasema, "Dada yangu alifariki, ni presha, lakini mkono wake wa mapishi kamwachia mke wangu." Gari zima likalia. Kisha wakaenda kula kwa wifi, kwenye mnara wa taa.

"Samaki ni yuleyule wako," mkunga akasema, anaona haya kunitazama.

Kicheko kikanikauka. "Nipeleke," nikamwambia.

Alikuwa amekuja na teksi. Tukapanda, na njiani mkunga wa watu akajisahau, "Ona bahari ile! Ona minazi ilivyoinama!" Miaka yote nimelisha watu wa safari ile, na sikuwahi kukaa kwenye gari la mdogo wangu hata siku moja. Kila nilipomwomba alisema viti vimejaa. Sasa kisiwa chote kilikuwa kinapita dirishani na mimi sioni kitu, nina hasira mpaka masikio yanavuma.

Tulipofika mkunga akasema, "Haya ni ya ndugu. Mimi nakusubiri hapa." Nikaingia peke yangu. Banda jipya, meza zina vitambaa, watu wanakula. Wifi aliponiona akarudi jikoni mbio. Usukani akabaki amesimama na jagi la maji mkononi.

"Umewaambia watu nimekufa?"

"Shusha sauti, dada."

"Maiti haina sauti, usiogope."

Akanivuta pembeni. "Ningefanyaje? Kila mgeni anakuulizia wewe. Nikisema umeacha kupika, wanataka tukupitie wakusalimie tu. Nikisema unaumwa, wanataka kukuona. Mke wangu anahangaika na moto kutwa, wao ni yule mama, yule mama. Aliyekufa ndiye asiyeulizwa tena."

"Na machozi uliyomwaga?"

"Nalia kweli, dada. Kila nikiwaambia, nalia kweli."

Kila! Kumbe nimezikwa mara nyingi kiasi hicho. Iliniuma, sitaficha, iliniuma kuliko siku ya kumzika mama. Angesema tu, "Dada, mke wangu anataka jiko lake," ningekuja mwenyewe kumwashia moto wa kwanza. Nikamwambia hivyo. Akainamisha kichwa.

Kijana mmoja, mgeni wa fungate, akageuka kutoka meza ya karibu. "Bwana dereva, yule mama mpishi tuliyesimuliwa na rafiki zetu ndiye huyu?"

Nikamtazama Usukani. Wallahi, nilikuwa tayari kumsamehe. Aseme "ndiye" tu, wifi abaki na banda lake na wageni wote, mimi nirudi kwangu nikiwa na ndugu.

Akatupa jicho mlangoni mwa jikoni, mkewe amesimama pale anasikiliza. Akajifuta jasho.

"Hapana," akasema. "Yule alitangulia mbele ya haki. Huyu ni mfiwa mwenzangu."

Yule kijana akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mama, kwa msiba."

"Asante, mwanangu," nikamjibu, macho yangu hayajatoka kwa Usukani. "Alikuwa mdogo wangu, na sina mwingine."